Nyapara wa Sauti ya Nne

Mwezi uliopita tulialikwa kwa Dada Yunuke, pale Kiogoro, kumshukuru Mungu pamoja naye kwa kufikisha umri ambao yeye mwenyewe anakataa kuutaja. Wanakwaya wa zamani tuliosalia tulipewa meza yetu karibu na mlango, nadhani ili atakayezidiwa aweze kutolewa haraka. Kijana wa muziki alikuja na kompyuta ya mapajani, akabonyeza mara moja tu, na besi na vinanda vikaanza kulia vyenyewe huku yeye akila kuku. Halafu akatugeukia kwa huruma akasema kwamba zamani lazima tulikuwa tunateseka sana, kila kitu kwa mkono na kwa koo. Dada Yunuke akanitazama. Mimi nikatazama sahani yangu. Kuna mambo ambayo huwezi kumweleza mtu mwenye paja la kuku mdomoni, kwa mfano kwamba mashine ya kujipiga yenyewe tulikuwa nayo sisi kabla mama yake hajaolewa, na kwamba mashine hiyo nusura itumalize.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka uliofuata ule niliomaliza kidato cha nne na kupata matokeo yaliyotosha kuwasomea majirani barua zao, basi. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja kwenda Nairobi, Kericho na Mombasa. Mimi nilienda jikoni. Nasema hivi bila aibu sasa, lakini kwetu Kisii omomura, kijana aliyekwisha kutahiriwa na kusoma, hakai jikoni kunusa sufuria. Hana biashara huko. Mimi nilikuwa na kigoda changu upande wa ukuta uliopata joto, na nilikijua kila kigoda kingine kwa mlio wake. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake, alikuwa akiniruka, mwiko mkononi, akisema kwamba hata paka huwa anatoka. Nilijiunga na kwaya kwa sababu moja tu ya kweli, nayo ni kwamba kanisa lilikuwa ng'ambo ya ua wetu, na ningeweza kwenda na kurudi kabla ya chai kupoa. Sauti yangu haikuwa teno wala besi. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Kwaya ilikuwa ya Dada Yunuke, kama vile ng'ombe anavyokuwa wa mtu. Siku za juma alikuwa fundi wa nguo mjini Kisii, cherehani yake ikiwa kwenye veranda ya duka la Kantibhai, Mhindi aliyeuza redio, betri na gita. Sisi ni watu wa Sabato, na Jumamosi Yunuke alitushona sisi. Alitupima kwa macho, akatukata tulipozidi, akatupiga pasi. Mtu mmoja tu hakushoneka, naye ni Ndugu Abeli, besi wetu wa pekee tangu wengine wafuate kazi za majani chai. Abeli alikuwa na sauti nzito iliyoanzia chini ya sakafu, lakini ilichukua muda kupanda. Sisi tukifika mwisho wa mstari, yeye ndiyo anawasili katikati. Tukinyamaza, tunamsikia akija peke yake, taratibu, kama mzee anayepanda kilima na mzigo wa ndizi, na hapo ndipo tulipoanza mstari mwingine.

Siku moja baada ya ibada, tukiwa tunakula chakula cha mchana nje ya kanisa, obokima, yaani ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha mpaka uchungu wake ukatulia, Yunuke alisema mbele ya wageni kwamba siku ya ufufuo wafu wote wataamka, watahesabiwa, watapelekwa mbinguni, na lango litakapofungwa ndipo Abeli atauliza parapanda imelia saa ngapi. Watu walicheka hadi maziwa yakawatoka puani. Abeli alimaliza chakula chake, na alichelewa kumaliza kama kawaida, akanawa mikono, akashukuru. Jumamosi iliyofuata tulisikia anaimba na kwaya ya Marani, na wamempa tai ya kijani.

Tungevumilia, kama si makambi. Mtu asiye wa kwetu aelewe kwamba makambi kwa watu wa Sabato ni ile mikutano ya juma zima chini ya mahema, na mwaka ule yalikuwa Magwagwa, upande wa Nyamira, na makanisa kutoka kila kilima yangekuja. Mzee wa muziki wa makambi alikuwa ametangaza kwamba hema kubwa ni la kwaya zenye sauti zote nne. Kwaya yenye upungufu itaimba alasiri katika hema la watoto. Yunuke aliposikia hivyo aliacha kushona. Alikuwa ameimba katika hema kubwa tangu alipokuwa msichana, na sasa alijiona akiwa amesimama mbele ya watoto wanaochokora pua, huku Abeli akiwa hema kubwa na tai yake ya kijani. Alijaribu kunitia mimi kwenye besi. Baada ya mstari mmoja aliniuliza kwa upole kama naumwa.

Kumwendea Abeli na kumwomba radhi, hilo hakulifikiria, au alilifikiria akalikunja akaliweka chini ya kitambaa. Badala yake alipanda ghorofani kwa Kantibhai. Kwa miaka mingi akiwa pale verandani alikuwa akisikia, jioni duka likifungwa, kitu kinalia huko juu, noti zilezile zikizunguka na kuzunguka, hazichoki wala hazikosei. Alinichukua nikamsindikize kwa sababu nilikuwa mtu pekee asiyekuwa na kazi. Chumba kile nakikumbuka kuliko madarasa yote niliyosomea: mabati ya juu yakipiga joto, kalenda za miungu ukutani, harufu ya tangawizi na waya wa kuchomea, na mke wa Kantibhai akituletea chai na chevda, vitafunio vyao vya pilipili, huku akimuuliza Yunuke kwa Ekegusii safi kama watoto wamelala vizuri. Juu ya meza palikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa kinanda kidogo cha umeme. Kingine kilikuwa sanduku la chuma lisilo na sauti yoyote, lina safu mbili za vijiti vya kuzungusha na taa ndogo nyekundu juu ya kila kijiti. Kantibhai aliliita sikwensa.

Alituonyesha. Kila kijiti ni noti moja. Ukikizungusha kidogo, noti inapanda, ukirudisha, inashuka. Ukiwasha, taa zinawaka moja baada ya nyingine, na kila inapowaka, sanduku linakituma kinanda kuimba noti ile. Zikifika mwisho zinaanza tena. Sanduku lenyewe haliimbi, linaagiza tu. Yunuke alilipenda papo hapo, nami nilielewa kwa nini. Tulipofika Kiogoro kwaya ililipa jina la Nyapara, na kinanda kikaitwa Kibarua. Kantibhai alisema zamani yeye na ndugu yake walikuwa na bendi, wakipiga harusi za Wahindi kutoka Kisii hadi Kisumu, mpaka ndugu akahamia Uingereza na sanduku likanunuliwa lishike nafasi yake. Yunuke akauliza kama lilifaa. Kantibhai akafikiri. "Haikosi hata mara moja," akasema. "Lakini miaka yote hiyo haijakula sambusa ya mke wangu hata moja."

Alituazima bila sharti, ila onyo moja, alilonielekezea mimi. "Wewe kijana, ngoja yeye pata moto kwanza. Kama baridi, sauti iko chini. Akipata moto, anapanda. Akishapata moto kabisa, ndiyo unaweka noti." Na kwa kuwa vifuniko vya vile vijiti vilikuwa vimepotea siku nyingi, alinipa bisibisi ndogo ya kuzungushia. Kijiti kimoja tu, cha mwendo wa haraka au polepole, ndicho kilichobaki na kofia yake ya plastiki, unakizungusha kwa vidole. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilifanyika nikiwa nimekaa, ndani ya nyumba, karibu na kitu chenye joto.

Tulifanyia mazoezi sebuleni kwa Yunuke, maana kwake palikuwa na umeme. Nilikuwa nakwenda asubuhi kumpasha moto Nyapara, nikatafuta noti za wimbo ambao Yunuke aliutunga kwa ajili yake, wimbo ambao besi yake inazunguka vilevile kila mstari. Ukigusa kijiti kiasi cha unywele, noti inahama. Nilizama humo hadi nikasahau kula, jambo ambalo shangazi alilitangaza mtaani kama muujiza. Wanawake waliokuwa wakipukuchua maharagwe chini ya dirisha hawakujua kwamba nawasikia, au walijua. Mmoja alisema Osoro, ndiye mimi, amepata mchumba hatimaye. Mwingine akauliza ni wa ukoo gani. "Wa Wahindi," akajibiwa, "ana macho mekundu kumi na sita na hamjibu kitu." Wakasema basi huyo ndiye saizi yake, watakaa jikoni wote wawili.

Noti zilikaa sawa. Kilichotushinda ni pumzi. Jioni ya kwanza kwaya nzima ilipoimba na Nyapara, kufikia ubeti wa pili Kerubo, soprano wetu mkuu, alikuwa ameshika kiti, na wateno walikuwa na rangi ya bilinganya. Tulianza upya. Ikawa vilevile. Yunuke alilaumu chakula kizito, akalaumu mikanda, akatuamuru tule uji tu kabla ya mazoezi. Mimi niliyekuwa nimekaa niliona, na sikusema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza na kwa sababu napenda amani. Kwa miaka yote ile tulikuwa tunapumua pale Abeli alipochelewa. Wakati tukimngoja afike ndipo mapafu yetu yalipojaa. Nyapara hamngoji mtu. Taa ya mwisho ikizima, ya kwanza imeshawaka, na wewe ukiwa bado unatafuta hewa, mstari umeondoka. Yunuke, ambaye hakuwa mwembamba na alikuwa akiimba kuliko wote, alimaliza kila zoezi akiwa amekaa chini, mkono kifuani, akisema kwamba limekwenda vizuri sana.

Kisha wazee wa kanisa wakaja kumkagua Nyapara. Mzee Ombui, aliyewaongoza, alilizunguka sanduku mikono ikiwa nyuma kama anayenunua fahali. Aliuliza kwanza kama ndani yake kuna ngoma, maana ngoma kanisani kwetu hairuhusiwi. Nikamfungulia akachungulia, akaridhika kwamba ni waya tu. Kisha akaomba aone linavyotengenezwa, nami kwa kujigamba nikatoa bisibisi nikarekebisha noti mbili. Uso wake ukabadilika. Akawaita wenzake kando, wakanong'ona kwa Ekegusii muda mrefu kana kwamba tusingesikia. Mmoja alikuwa na maoni kwamba kinanda nacho huguswa Sabato. Mzee Ombui akakohoa, akarudi na hukumu.

"Kinanda kikipigwa ni sifa," alisema. "Bisibisi ikishikwa ni kazi."

Na kazi, kila mtu alijua, hufanywa Ijumaa, siku ya maandalio, kabla jua halijatua, pamoja na kupika, kupasua kuni na kupiga viatu rangi. Noti zitawekwa Ijumaa, vijiti vifungwe kwa plasta, na Sabato mtu asiguse isipokuwa swichi na kile kijiti cha vidole. Niliiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Nilikuwa nimekaa jikoni kiasi cha kujua kwamba chakula kilichopikwa Ijumaa huliwa Jumamosi bila shida yoyote.

Magwagwa kwangu ilikuwa ng'ambo. Nilibeba blanketi, sufuria, chupa ya chai na mto, na Yunuke akauliza kama nahama. Ijumaa alasiri jua lilikuwa limechoma turubai la hema kubwa mpaka ndani pakawa kama tanuri. Jenereta ya vipaza sauti ikawashwa ili tujaribu. Nilimngoja Nyapara apate moto, naye alipata haraka, nikaweka noti zote nikitokwa jasho, nikazifunga kwa plasta ya hospitali moja moja, na jua lilipogusa kilima nilikuwa nimeshaiweka bisibisi mfukoni. Yunuke alisikiliza, akasema besi hii Marani watailia. Nikalala nimeridhika.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito hivi kwamba kwaya zilitambuana kwa tai. Mahema yalidondosha maji. Mzee wa muziki, kwa kubana mafuta, hakuruhusu jenereta iwashwe mpaka ibada ianze, na kwaya ya kwanza kuitwa ilikuwa yetu. Mashine ilipowaka ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Niliweka mkono juu ya lile sanduku nikitumaini kulipasha, nikaona Yunuke ananitazama, nikawasha.

Besi ilitoka chini mno. Lakini kwaya yetu ilikuwa na nidhamu. Ikashuka, ikaipata huko ilikokuwa, na ubeti wa kwanza ukaimbwa kwa sauti ya watu walio ndani ya kisima. Haikuwa mbaya. Watu waliinamisha vichwa, walidhani ni wimbo wa toba. Shida ni kwamba Nyapara sasa alikuwa anapata moto. Kila alipozunguka alipanda kidogo, kiasi usichoweza kukikataa, na kwaya ikapanda naye kama watu wanaofuata mbuzi aliyekatika kamba. Ubeti wa pili tulikuwa tumetoka kisimani. Wa tatu tulikuwa juu ya paa. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu, na Mzee Ombui alikuwa safu ya mbele, macho yake yakiwa kwenye mfuko huohuo. Akina mama wa alto walikuwa wanaimba soprano. Wasoprano walikuwa wanaimba kitu ambacho mbwa wa Magwagwa walianza kukijibu. Kerubo aliacha kutoa sauti akabaki anafungua na kufunga mdomo kwa heshima. Upande wa Marani niliziona tai za kijani zikitikisika, na katikati yao Abeli amefunika uso kwa Biblia. Nikazima swichi. Kwaya ikabaki huko juu peke yake, bila ngazi, halafu mmoja mmoja wakaanguka.

Mzee wa muziki alikuja nyuma ya hema akiwa mpole, na upole wake ndio uliomuua Yunuke. Alisema watoto wangefurahi sana kutuona alasiri.

Chakula cha mchana Yunuke hakula. Alikaa kwenye benchi akitazama mikono yake, mwanamke aliyewahi kumfukuza mchumba kwa sababu ya kuimba nje ya noti, na hakuna aliyethubutu kumkaribia isipokuwa mimi, na mimi nilimkaribia kwa sababu chupa ya chai ilikuwa chini ya benchi lake. Nikammiminia. Alisema bila kunitazama kwamba baada ya hapa ataiacha kwaya, vijana waichukue, yeye abaki na cherehani. Nilitaka kumwambia jambo la maana. Nikamwongezea sukari.

Hema la watoto lilikuwa dogo, watoto wameketi kwenye majani makavu, jua limeshatoka na turubai linawaka. Waya mrefu ulitoka kwenye jenereta. Niliwasha nikiwa sina matumaini, na Nyapara akatoa noti yake ya kwanza ikiwa mahali pake hasa. Ya pili vilevile. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Nilikuwa nimepika noti zile kwenye joto la alasiri, na sasa ilikuwa alasiri na joto lilelile, zilikuwa zimeiva. Kwaya ilipoingia, watoto walinyamaza. Walikuwa wanafuata zile taa nyekundu kwa vidole, zikienda na kurudi, na kwa ubeti mzima tuliimba kama hatujawahi kuimba. Watu wazima walianza kuinua pembe za hema kuchungulia.

Kisha ubeti wa pili, pumzi. Yunuke alifika mwisho wa mstari, taa ya kwanza ikawaka bila kumngoja, akavuta hewa ikakataa, akasimama, mkono kifuani. Kwaya ikasita. Nikazima. Katika ukimya ule nilimwona Abeli amesimama mlangoni mwa hema, na tai yake, ametokwa jasho. Yunuke naye alimwona. Alichukua muda kufuta uso kwa leso.

"Ndugu Abeli," alisema, "huko Marani mmekula?"

"Wamekula."

"Na wewe?"

"Nilichelewa."

Watoto walicheka. Yunuke hakucheka. Alikunja leso mara mbili, akaifungua, akaikunja tena. "Hii kitu haingoji mtu, Abeli," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Wewe ulikuwa unatungoja tupumue. Mimi sikujua."

Abeli alifikiria jambo hilo kwa mwendo wake. Kisha akavua tai ya kijani, akaikunja, akaitia mfukoni, akawaruka watoto mmoja baada ya mwingine akiomba radhi kwa kila mmoja, akasimama mahali pa besi. "Osoro, washa," aliniambia. "Lakini polepole. Mimi bado sijafika."

Nikawasha. Nilishika kile kijiti chenye kofia, ambacho hata Mzee Ombui alikiruhusu, na kila mwisho wa mstari, nilipomsikia Abeli akiwa bado njiani na mzigo wake, nilikizungusha, na taa zile zikakawia, moja, nyingine, kama watu wanaosita mlangoni ili mzee aingie kwanza. Kwaya ikapumua. Nilisikia hewa ikiingia kwa watu wote kwa pamoja. Nimefanya kazi nyingine tangu wakati huo, zote za kukaa, na hakuna hata moja niliyoifanya vizuri kama ile.

Pembe za hema zilikuwa zimeinuliwa pande zote, na hema kubwa, niliambiwa baadaye, lilikuwa limebaki na mhubiri na wazee wawili waliolala. Mzee wa muziki mwenyewe alikuja, akapenya hadi mbele, akamwinamia Yunuke sikioni huku tukiimba. Alisema kama tuko tayari, nafasi yetu kule iko wazi, twende sasa hivi.

Yunuke hakuacha kupunga mkono wa kuongoza.

"Tutakuja, mzee," alimwambia. "Ngoja kwanza. Abeli bado yuko ubeti wa pili."